Sauti Aliyoifuata Mdogo Wako

Kwa binti yetu, ghorofa ya nne,
mkabala na kituo cha basi.
Jumamosi, 14 Novemba.

Mpendwa wifi yangu,

Shikamoo. U hali gani huko? Goti limekuachia, au bado ndilo linaloamua ukae saa ngapi na uinuke saa ngapi? Na lile paa la jikoni, mwanao fundi bomba ameshapanda kuliziba, au wimbo bado ni ule wa "kesho, mama"?

Sisi tulifika salama. Binti yetu ametupokea kama wafalme. Ametuachia kitanda chake, yeye na mumewe wanalala sebuleni, na nikilalamika ananiambia nisimtie aibu. Baridi ndiyo inayotutesa. Navaa nguo juu ya nguo mpaka natembea kama kabati.

Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nikiwa kwenye simu mdogo wako huwa ubavuni kwangu, na haya siyawezi kuyasema akisikia. Kaa kitako kwanza, wifi.

Siku za mwanzo binti alikuwa akienda kazini, sisi tunabaki kutazamana na ukuta. Basi akatuwekea kwenye simu programu ya kuwaongoza wageni katika mtaa wa maduka. Kumbe inasema Kiswahili! Sauti ya mwanamke, nzito na tulivu, inakwambia pita kushoto, hapa vyombo, pale ngazi ya umeme, angalia unapokanyaga. Mdogo wako alifurahi kama mtoto. Si unamjua, mtu aliyemaliza umri wake akifumua redio za watu? Akachomeka vile vidude vya masikioni, akatangulia mbele yangu kama mwenyeji. "Mke wangu, kulia kwako kuna mapazia." Na mapazia nayaona kwa macho yangu! Tulicheka sana siku hiyo.

Jumanne ya wiki iliyopita tukaenda tena, nikatafute viatu vya baridi. Nikamwomba anisubiri kwenye benchi mlangoni. Nilikuwa namwona kupitia kioo, anatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na mwenzake. Nikainama kujaribu kiatu. Nilipoinuka, benchi tupu.

Nilitoka mbio, mguu mmoja kiatu kipya, mwingine cha zamani. Simu anayo yeye. Namba ya binti sikuihifadhi kichwani, na lugha ya watu wa hapa siijui hata neno la kuombea maji. Nikamwita kwa sauti yangu yote. Watu wakanipisha njia kama wanavyompisha aliyepagawa.

Muuza viatu akanifuata, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni. Nikadhani anadai kiatu chake. Nikamwonyesha benchi, nikamwonyesha masikio yangu, nikaelekeza kidole kushoto, kulia, kushoto. Akaelewa, Mungu ambariki. Akatoa simu yake, akafungua programu ileile, akanionyesha mstari wa buluu unaopita maduka yote hadi mwisho wa matembezi. Akafunga duka, akanishika mkono, tukaufuata.

Tulipita kwenye taa, tukapita kwenye vitambaa, tukapita kwenye saa. Kila mgongo wa mzee niliuona kuwa wake, na kila aliyegeuka hakuwa yeye. Mwishowe mstari ukatutoa nyuma kabisa, malori yanakoshushia mizigo. Huko hakuna paa, na mvua ilikuwa inanyesha. Mdogo wako alikuwa amesimama katikati ya maboksi, lori linarudi nyuma kumwelekea, dereva anapiga honi, naye hajisogezi hata kidogo.

Nilimvuta kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Akanitazama kwa upole.

"Taratibu, mama. Dada amesema nimefika, nisimame hapa."

"Dada gani?"

"Dada yangu. Tumekuja naye tangu kule. Sasa amenyamaza." Kisha akajipangusa maji usoni. "Samahani mama, wewe ni wa hapa? Unaweza kunionyesha kwetu?"

Wifi, hakuwa anatania. Nikamjibu tu, "Napajua kwenu. Twende."

Tuliporudi dukani fahamu zikamrudia. Akanitazama miguuni, akaangua kicheko: "Mke wangu, hawa wanauza kimoja kimoja?" Muuza viatu hakuelewa kilichosemwa, lakini alimwona anacheka, naye akacheka. Hapo ndipo mimi nilipolia.

Binti hakutaka kusikia. "Baba amechoka na safari, mama. Usimtafutie ugonjwa." Tukanuniana. Jioni, tukiwa mezani, baba yake akamuuliza, "Mama yako atarudi lini?" na mimi nimekaa mbele yake na kijiko mkononi. Binti akainuka, akaenda jikoni akafungulia bomba, na maji yakatiririka muda mrefu bila chombo kuoshwa.

Kesho yake akatutafutia daktari. Jibu ni kwamba ni ugonjwa wa kusahau. Haurudi nyuma. Dawa zitaupunguza mwendo tu.

Ana siku nzuri. Leo amenisaidia kukunja nguo, tena kanigombeza kwamba nakunja ovyo. Lakini asubuhi akishachomeka vile vidude, anaongea na ile sauti akidhani ni wewe. Anaisimulia habari za marehemu mama yenu na njia ya shule. Yenyewe inamjibu lifti iko upande gani na duka gani limeshusha bei. Juzi kanilalamikia, "Dada siku hizi anaringa." Nikiizima anateta, nikiiwasha roho inaniuma. Ndivyo tunavyoishi.

Nisalimie fundi bomba na mkewe, na mjukuu wako Kidoti. Mwambie gauni lake nimeshalipata. Tutarudi mwezi wa kwanza, Mungu akipenda.

Nina ombi moja, wifi. Wewe ndiye uliyemlea, na hata sasa anakusikiliza wewe kuliko sisi sote. Mwombe mwanao akurekodi sauti kwenye simu yake atutumie. Habari ya ugonjwa usiiguse. Mwite lile jina la utotoni, mimi hajawahi kuniambia. Mwambie ale, avae koti, asitoke peke yake. Halafu mwambie kwamba yule mama anayemshika mkono ni mkewe, na amfuate.

Mola akulinde, akupe pumzi na sauti.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote.