Kezia na mota isiyozima

Frida, ulishaona mama mkwe akimwambia mbuzi kwamba mota inaungua?

Ni Kezia, leo hii, hapa Nyamwaga! Mkwewe Benedicto kaleta mashine yake ya kupukuchua mahindi, ile inayomlisha mkewe Rhobi, binti wa Kezia. Akatuhutubia: "Mota hii ya sumaku nimeisuka nyaya makundi mawili. Moja likiungua, la pili linabeba kazi. Haizimi!"

Kweli haikuzima. Ndiyo shida yenyewe.

Kezia akanusa harufu ya vanishi, ile rangi inayopakwa nyaya, ikiungua. Anaijua tangu mota ya marehemu mumewe iungue. Sisi tulidhani ni harufu ya upya! Na unajua kwetu mama mkwe hasemi na mkwewe, hata kumtazama hamtazami. Rhobi wa kumtuma yuko mtoni. Basi akageukia mbuzi: "Wewe mbuzi, husikii harufu ya kuungua?"

Mbuzi, Frida! Akaendelea kutafuna gunzi.

Kundi moja la nyaya likafa. Lililobaki likabeba mzigo mara mbili, na joto, alituhubiria Benedicto mwenyewe, mara nne. Sumaku nazo zikichemka zinapoteza nguvu. Benedicto akaongeza mahindi! "Mnaona? Haitetereki!"

"Wewe mbuzi, moshi!"

Benedicto akacheka: "Mama anapenda mifugo!"

Hapo Kezia akajifunika kanga usoni asimwone, akapaza sauti: "Benedicto! Zima mashine! Na huo mdomo nao uzime, tangu siku ya harusi nimeuchoka!"