Kidole Ndani ya Sweta

Mjukuu wangu Wanjiru,

Bwana asifiwe huko Nakuru. Sisi huku Skuta tuko salama; guka, babu yako, magoti yanamsumbua, lakini kwaya hajaacha.

Unaniuliza ufanye nini na masweta yaliyobaki dukani, na baridi imeisha na sare za shule zinataka nafasi. Nikiwa msichana nilikuwa muuzaji wa Mama Zuhura, Mwislamu mwenye kiduka cha masweta mjini Nyeri. Yeye alibeba yaliyobaki hadi soko la Mweiga, ambako baridi haiishi upesi, akatandika turubai siku moja tu, kwa bei ya kumaliza.

Mara ya kwanza mimi nilikunja kila sweta lenye tundu, tundu likae ndani. Mzee mmoja akakunjua sweta moja. "Ati mnatuuzia nyavu?" Watu wakaanza kuondoka, na mzigo wote bado uko chini.

Mama Zuhura hakunigombeza. Alipitisha kidole kwenye lile tundu, akaliinua sweta juu. "Mzee ameona vizuri! Nani ako na sindano nyumbani?"

"Mimi niko na mbili!" nyanya mmoja akajibu, na soko likacheka.

Tukatenga yenye kasoro, tukitaja kila kasoro kwa sauti na kupunguza bei zaidi. Kufikia saa tisa turubai lilikuwa tupu. Mpaka leo nikiomba, namshukuru Mungu kwa mama huyo.

Msimu uliofuata nilitangulia kutandika peke yangu. Watu wakasimama tu, wakauliza, "Yule mama wa kidole yuko wapi?" Hawakugusa kitu mpaka alipofika.

Mungu akutangulie sokoni,
Cucu yako