Vita Nilivyovisimamisha Kutoka Kata ya Tisa

Jumatatu, 8 Julai

Leo nimesimamisha vita. Vyenyewe bado havijapata habari, lakini nimevisimamisha. Hoja nimeipeleka kwa mkono wangu: baraza la kijiji chetu lizitake pande zote mbili za vita vya kule ng'ambo ziweke silaha chini mara moja. Inajadiliwa Alhamisi. Mjumbe gani mwingine katika Kerala nzima anafikiri hivi? Wenzangu wanaleta mitaro. Taa za barabarani. Mbwa wasio na wenyewe. Mimi, wa kata ya tisa — dunia!

Nikawaeleza pale kwa Pokkar. Pokkar ana mkahawa na pia ni mjumbe wa chama tawala, kwa hiyo sisi wapinzani chai yake tunainywa kwa tahadhari. Akasema mabaraza ya jirani yameshapitisha azimio kama hilo zamani. Na hao majenerali wanajua Kimalayalam? Nikamwambia watatafsiriwa. "Basi wakishaacha kupigana," akasema, "waambie waje wazibe shimo la barabara ya shule." Watu wakacheka. Wajinga. Wamesahau kwamba nilipokuwa Ghuba, masheikh wawili waligombana kwa ajili ya ngamia, bunduki zimeshatolewa, nani akaitwa? Mimi. Niliwapikia muhogo kwa mchuzi wa samaki wa kwetu. Walilia (pilipili). Wakakumbatiana. Yule ngamia walinipa, nikamkataa.

Dada yangu Rohini hakucheka. Binti yake Lijina, mpwa wangu, yuko huko huko vitani. Anamtunza bibi mmoja mgonjwa wa miguu, ghorofa ya nne. Uwanja wa ndege umefungwa. Rohini alitaka jambo moja tu: jina la mtoto liwemo kwenye azimio, lisomwe wazi barazani, lipelekwe kwa mkuu wa wilaya, lifike mpaka ubalozini. "Kaka, mengine yote ni yako. Jina ni langu."

Nimemwahidi. Kwani jambo lenyewe ni gumu?

Jumanne, 9 Julai

Bango limetundikwa njia panda. Amani bila bango, watu wataijuaje? Uso wangu ndio mkubwa — picha niliyopigwa kwenye harusi ya mwenzangu Kunhiraman, nilitoka vizuri, masharubu meusi kabisa. Pembeni yangu njiwa. Ila fundi alikosa picha ya njiwa, akaweka ndege mwingine mweupe. Mnene kidogo.

Pokkar akapita na skuta, akasimama katikati ya barabara. "Divakaran! Hongera! Wa mayai au wa nyama?" Nikamjibu ni njiwa wa nchi za nje, wa huko wananenepa. Mpaka jioni simu yangu inalia, watu wanaulizia bei ya trei ya mayai.

Lijina ametuma sauti. Rohini huiweka simu juu ya ukuta wa kibaraza cha nyumbani, sauti yote, tunasikiliza sisi na majirani na mbuzi wa majirani. "Mjomba, nimemwambia bibi yangu huku kwamba mjomba wangu anasimamisha vita. Anauliza utamaliza kabla ya Ijumaa? Anataka nimpeleke sokoni." Nikamjibu: mwambie bibi, Alhamisi mchana, aandae kikapu! Akatuma kicheko tu. Anacheka kama marehemu mama yetu, anaanza na mkoromo. Huyu mtoto baiskeli nilimfundisha mimi. Alikuwa anajua tayari, lakini mbinu za kona ni zangu.

Jumatano, 10 Julai

Mvua tangu asubuhi. Hotuba nimeifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe. Alisimama mpaka mwisho.

Kunhiraman kaja, mjumbe mwenzangu wa chama, mtu mwema. "Kaka, kesho tunasusia saa ngapi?" Nikamwambia kesho hatususii, hoja ni yetu. Akachanganyikiwa. Namwelewa. Tangu tuingie upinzani, yeye hajaona kikao kinaishaje. Sisi tukichukizwa ni ngumi mezani, tunatoka, tunakaa ngazini, tunapiga kaulimbiu, mtu wa gazeti anapiga picha, kisha chai kwa Pokkar. Na aliyesusia harudi ndani. Haijawahi kutokea. Heshima itakwenda wapi?

"Kwa hiyo nikae tu?" Kunhiraman akauliza. Kaa tu, nikamwambia. "Na viatu nivae?" Vaa. (Siku za kususia huvivua mapema, apate kutoka upesi.)

Sauti ya Lijina leo fupi. Hakucheka. "Mama, tuko chini kwenye ngazi. Bibi hakutaka kushuka, nimembeba mgongoni." Halafu kishindo. Kama nazi inayoanguka juu ya bati, lakini minazi yote kwa pamoja. Halafu basi.

Rohini akairudia. Nikamwambia hiyo ni radi, hata kule ni msimu wa mvua. Kule sasa ni kiangazi. Rohini anajua. Akaingia ndani kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 11 Julai

Mambo yamekwenda vizuri. Kwa namna yake.

Ukumbi ulijaa. Kitini yuko Mwalimu Aleyamma, mwenyekiti wetu, aliyenifundisha darasa la nne, mara mbili. Rohini nyuma na kina mama. Na chama tawala chote kinaunga mkono! Pokkar alinyoosha mkono hata kabla ya kuulizwa. Nikasimama. Nikaanza na asili ya vita duniani. Nikawagusia masheikh. Nilipofika kwa ngamia Mwalimu akagonga kalamu. "Divakaran, mtaro wa kata ya tatu bado unatungoja. Tutajie mtu wetu aliyeko kule, tuingize jina, tupige kura."

Nikafungua mdomo.

Hapo nikaona wazi kwamba utaratibu umevunjwa. Ngumi mezani! Nikasema huu ni udikteta! Nikatoka!

Kunhiraman huyo nyuma yangu, viatu mkononi — alikuwa amevivua, asante Mungu. Kisha wenzetu wote, bila kuuliza. Hiyo ndiyo nidhamu ya chama. Tukaketi ngazini, Kunhiraman akaanzisha, "Hatukubali! Hatukubali!" Sauti nzuri anayo. Baada ya muda akaniinamia sikioni. "Kaka, hatukubali nini?"

Nikamwambia piga kelele kwanza.

Kwa kanuni zetu mleta hoja akitoka, hoja inalala. Mwalimu kaahirisha mpaka kesho. Rohini alinipita ngazini kama anavyopita dimbwi.

Ijumaa, 12 Julai

Gazeti: UPINZANI WASUSIA AMANI. Picha ni yangu, mdomo wazi, nyuma bango, na yule ndege.

Rohini hasemi nami. Anazungumza na paka. "Mwambie mwanadiplomasia chai yake iko dirishani." Samaki hakuna. Simu iko juu ya ukuta, sauti yote. Tangu juzi haijalia.

Wakubwa wa chama nimewaambia kanuni ilivunjwa. Kunhiraman nimemwambia ni siri ya uongozi, akafurahi sana. Kwa Pokkar nimesema hiyo ni mbinu ya kimataifa, kule Ghuba mpatanishi hutoka nje kwanza ili wamtamani. Pokkar akanimiminia chai. Hakunitania. Kuku hakutajwa! Nikaona hali ni mbaya.

"Divakaran," akasema chini chini, "jina nikusomee mimi?"

"Una wazimu? Mpwa ni wangu."

"Basi, ndugu yangu. Ni neno moja tu."

Sasa niko kwenye ngazi za ukumbi. Naandika nyuma ya karatasi ya hotuba, daftari nimeliacha nyumbani, nitanakili. Wote wameshaingia. Kunhiraman yuko kizingitini, kiatu kimoja ndani, kimoja nje. "Kaka, tunaingia au tunasusia? Nijue tu." Mwalimu mwenyewe katokeza mlangoni, miwani pua chini. "Divakaran, hakuna aliyesusia akarudi. Ukiingia utakuwa wa kwanza kwenye historia ya baraza hili." Huyu mama anajua pa kunishika.

Rohini amekuja. Hakuniangalia. Amenitupia taulo lake la bega magotini, akaingia, akakaa mbele kabisa safari hii. Taulo kavu. Mvua yenyewe imekatika tangu asubuhi.

Kwa hiyo anajua.

Haya, na niandike, hakuna anayesoma. Hakuna utaratibu uliovunjwa. Nilifungua mdomo niseme Lijina, nikasikia kile kishindo, na jina likakwama. Machozi yakaja yenyewe. Ngumi ya mezani ilikuwa ya kufunika sauti ya koo. Sikususia chochote. Nilikuwa nalia, mbele ya Mwalimu Aleyamma, kama siku ile aliponiambia darasa la nne nitalirudia.

Ananiita tena. Kwa jina lote, kama darasani. Na mimi bado sijalisema hilo neno hata mara moja bila — haya, naingia.