Kuanika Simu

Jumamosi, 17 Mei

Fukayosi. Chai ya pili. Kidude nimekianika juu ya begi, kimefunguliwa kurasa zake tatu nyeusi, waya umeingia mfukoni mwangu kwenye simu. Wapita njia wananitazama. Mmoja kauliza nauza kiasi gani.

Chaja ya sola. Mwanangu Fahad ndiye aliyeniletea kutoka Dar, akanieleza mara mbili kama vile mimi mtoto wa chekechea: paneli juani, simu kivulini, waya katikati. Nilielewa mara ya kwanza. Kuuza vitambaa si ujinga.

Bodaboda aliyenitoa Bagamoyo kakataa kuendelea. Njia ya ndani yote tope. Kesho kwa miguu.

Sipendi safari hii. Hapana, naipenda, sipendi sababu yake. Dada Zuwena, aliyeolewa Muscat, anapasuliwa koo Alhamisi asubuhi. Uvimbe. Madaktari wamemwambia wazi kwamba wakishaukata huenda asiongee tena. Aliponipigia hakulia. Aliomba jambo moja: kabla sauti haijaondoka, amwombe radhi Mama Mwanahawa kwa mdomo wake mwenyewe.

Mama Mwanahawa ndiye aliyemnyonyesha. Mama yetu mzazi aliugua baada ya kujifungua, maziwa yakakauka, na baba akampeleka mtoto shamba, kwa mke wa mkulima aliyekuwa akimuuzia ufuta. Zuwena akaacha ziwa hukohuko. Mama yetu ametangulia mbele ya haki, huyu bado yupo. Na mama wa kunyonya ana radhi yake kama aliyezaa. Kwetu hilo halina mjadala.

Umeme shambani hakuna. Shomari, mtoto wa Mama Mwanahawa, ana simu, lakini kaenda nayo Chalinze kuuza mananasi na hapatikani. Mama mwenyewe nyonga imemwisha, hawezi safari. Kwa hiyo simu ni hii yangu, na chaji ni ya jua. Mei hii jua lenyewe lina maringo.

Jumapili, 18 Mei

Nimefika. Miguu si yangu.

Paneli ilikuwa mgongoni njia nzima, nimeifunga kwa kamba juu ya begi. Punda aliyebebeshwa dirisha. Lakini ilifanya kazi. Kila nikitazama, simu inapanda.

Kisha nikaharibu mwenyewe. Nilipofika kwenye kijito tulichokuwa tukinawia miguu utotoni, ili tusiingie kwa watu na tope, nikapiga picha. Nikapiga na video, maji yanavyolia kwenye mawe. Nikapiga mkwaju ambao lori la baba lilikuwa likisimama chini yake. Nikapiga kichuguu. Kichuguu! Kila kitu nilitaka Zuwena akione. Nilikuwa nacheka peke yangu njiani kama kichaa. Kuja kushtuka, mawingu yamefunga na alama ya betri nyekundu. Mzee mzima.

Mama Mwanahawa kanitambua kwa mbali. Anasema natembea kama baba, bega moja mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa. Mwenzio yuko wapi?"

Mwenzio ni Zuwena. Tangu nina akili zangu, nikifika hapa, swali la kwanza ni hilo. Nimeona wivu. Katika umri huu, na kwa sababu iliyonileta, nimeona wivu. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Nikamweleza. Akamwambia Mwajuma, mke wa Shomari, akamate kuku.

Jumatatu, 19 Mei

Mawingu mpaka chini. Mvua asubuhi, mvua adhuhuri. Nimeianika paneli hivyohivyo, kwa ukaidi. Kitaa chake kinawaka, kinazima. Hakuna kitu.

Mtandao unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya majaruba ya mpunga. Nimepanda, nikamtumia Zuwena ujumbe kwamba nimefika na nitapiga Jumatano mchana. Nikaizima simu hapohapo kabla haijajizima. Kijito kimejaa, hakivukiki. Hata nikitaka kurudi Fukayosi kutafuta umeme, siwezi.

Nimekaa barazani kwa Mama nikitazama mvua. Harufu ya moshi na mpunga mbichi. Nikakumbuka redio ya baba.

Aliileta hapa kila likizo tulipoletwa sisi. Redio ya mbao, betri kubwa nne. Betri zikichoka, mtangazaji anaanza kuongea kilevi, na taarabu inakuwa kama kilio cha msibani. Basi baba anazitoa, na sisi tunaanika. Mkeka mmoja, makopa ya muhogo upande huu, betri upande ule. Zuwena ndiye msimamizi. Ole wako uziguse. Anazigeuza mwenyewe, upande mmoja mpaka upate moto, kisha wa pili, na Mama Mwanahawa na mimi tunamsaidia kuwafukuza kuku. Alasiri zinarudishwa, na redio inazungumza tena, angalau mpaka taarifa ya habari iishe. Sijui wataalamu wanasemaje juu ya hilo. Mimi najua ilizungumza.

Siku zile tuliona ni jambo la kudumu. Baba, lori, redio, sisi wawili kwenye mkeka mmoja. Nimemkumbuka dada yangu mpaka kifua kikauma.

Jumanne, 20 Mei

Asubuhi: Jua! Alhamdulillahi. Nimetandika paneli kwenye mkeka pembeni ya makopa ya Mwajuma. Simu nimeificha kivulini chini ya kofia yangu. Nimeshika fimbo, nafukuza kuku. Kazi niliyoianza nina miaka sita, nimerudishwa kazini. Kitaa cha kijani, hakipepesi. Sijawa na furaha hivi tangu mwaka uanze.

Alasiri: Niandike kwa mpango.

Nilikwenda kuswali adhuhuri msikiti wa jirani. Nikachelewa, kwa kuwa kila mzee pale alinijua, na salamu za huku hazikatwi. Nikarudi. Kofia yangu iko pembeni, imekunjwa vizuri. Simu imelala chali katikati ya mkeka, jua la saa saba linaipiga usoni. Mama Mwanahawa amekaa kando yake juu ya kigoda, fimbo yangu mkononi, amejaa fahari.

"Ulisahau kuianika yenyewe," akaniambia. "Usijali, nimeshaigeuza upande wa pili."

Niliishika nikaiachia. Moto wa kikaango. Kioo cheusi. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena.

Nilifungua mdomo nimpigie kelele. Kweli kabisa, maneno yalikuwa ulimini. Halafu nikamtazama. Nani aliyemfundisha? Kabla ya baba, nyumba hii haikuwa na redio. Ni sisi tuliokuja na betri zetu tukamwonyesha kwamba kitu kikiishiwa nguvu kinaanikwa, na kinageuzwa. Ni Zuwena aliyemfundisha, na yeye ameshika mafunzo ya mwanawe miaka yote hii. Nikasema, "Ahsante, mama." Akasema, "Si kitu."

Nikaenda nyuma ya zizi nikawatukana mbuzi.

Jioni: Simu niliiweka ardhini karibu na mtungi wa maji, penye ubaridi. Alasiri yote haikuamka. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Zuwena, nikakumbuka kwamba sina cha kumwambia nacho. Nilipotoka kuswali magharibi nikabonyeza bila matumaini. Imewaka. Nimelia, na Mwajuma kaniona, na sijali. Chaji imo kidogo sana. Jua limeshazama.

Jumatano, 21 Mei

Mawingu na jua vinapokezana. Tangu asubuhi sijabanduka mkekani. Jua likisogea naisogeza paneli. Wingu likija nalisemesha maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nimemweleza Mama kwamba hizi simu za sasa hazipendi jua mwilini, kile cheusi ndicho kinachokula jua kwa niaba yake. Akafikiri. "Basi ni mwanamke wa mjini," akasema. Akaifunika kwa upande wa kanga yake, na hakumruhusu mtu kuigusa, hata mimi.

Mchana tukampakia kwenye baiskeli ya Mwajuma. Kanga mbili kwenye keria, Mwajuma anashika usukani, mimi nasukuma nyuma. Kilima chote Mama anatoa amri: kulia, shimo hilo, mnaniua, pumzikeni basi. Juu tukamkalisha kwenye jiwe. Nikapiga. Sauti tu, bila picha, picha inakula chaji.

Zuwena alipokea papo hapo. Sauti yake imekwaruza, lakini ni yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakula?"

"Nakula, mama."

"Unakula nini?"

Hapo wakakwama. Uji, supu, nani anapika, kwa nini wapike wanaume. Mimi nina macho kwenye alama ya betri, Mungu anisamehe. Mwisho Zuwena akasema kwa haraka, kama mtu anayeruka mtaro:

"Mama, maziwa yako nihalalishie. Na radhi yako naomba."

Mama akaanza. Maziwa alimpa, hakumwazima. Ni halali yake tangu siku ile hadi kiama. Radhi anayo, ya mbele na ya nyuma, na Mungu amlinde popote alalapo na popote aamkapo, na mkono wa daktari uwe mwepesi, na kilichoondoka kisimwache mpweke.

Lakini simu ilizima njiani. Niliona kioo kikifa kwenye "popote". La kwanza au la pili, sina hakika. Yeye hakujua. Aliendelea, ameishikilia sikioni kwa mikono miwili, macho ameyafumba, akaomba dua yote mpaka amina. Mwajuma alinitazama. Nikamtikisia kichwa: mwache.

"Mbona kanyamaza?" Mama akauliza.

"Analia, mama."

"Mwache alie. Itamsaidia."

Kushuka kilima hakutoa amri hata moja.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua tangu alfajiri. Paneli imekunjwa, simu jiwe.

Sasa hivi wanamkata. Au wamemaliza. Au. Sijui alisikia kiasi gani. Kama mtandao ulikata kabla kioo hakijafa, akasikia maziwa bila radhi, ameingia mle ndani na nusu. Nimeudhika na mvua, na Fahad, na mimi na kichuguu changu. Mama anavuta uradi kimyakimya, tasbihi mkononi. Yeye ametulia. Anaamini imefika. Sina moyo wa kumwambia.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua. Hakuna.

Jumamosi, 24 Mei

Jua limetoka kana kwamba halijafanya kosa. Nimechaji mpaka adhuhuri, nikapanda kilima peke yangu. Taratibu, sikuwa na haraka ya kujua.

Ujumbe wa Fahad kwanza: shangazi yuko hai, operesheni imekwisha salama, sauti wameshindwa kuiokoa. Nikakaa kwenye jiwe. Chini moshi wa jikoni kwa Mwajuma ulikuwa unapanda. Kuna sauti iliyoniita jina langu maisha yangu yote, na haitaniita tena. Nimeyaandika haya polepole ili niyaamini.

Ujumbe wa pili ni wa Zuwena, kaandika kwa vidole vyake. Nikashuka nao.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia mwanao yuko hai, uvimbe umekwisha kukatwa, haongei, lakini ameandika. Akaweka ungo chini, akapangusa mikono, akakaa sawa. Nikamsomea.

"Shikamoo mama. Ni mimi Zuwena. Nilisikia radhi. Nilisikia mpaka popote niamkapo, kisha simu ikakata. Nimeamka, mama. Nakunywa uji. Kapika mwanamke."

Hakuitikia. Alikuwa bado ananitazama, anasubiri. Nikadhani hakusikia vizuri. Nikaanza tena kwa nguvu, akainua mkono.

"Nimesikia. Lakini wewe unasoma kama unaita wateja. Yeye hasemi hivyo. Sema kama yeye."

Nikataka kumwambia haiwezekani. Halafu nikajaribu. Zuwena huvuta neno mwishoni, hulishusha, kama mtu anayeweka kikombe chini asikivunje. Nikasafisha koo. Nikavuta, nikashusha.

"Shikamoo mama. Ni mimi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akainamisha kichwa asikilize.

Nikaendelea kusoma.