Ndimu Ndani ya Mashine ya Kufulia

Jumatano, 22 Oktoba

Nimetoka soko la wanawake. Miguu inauma. Bamia nzuri, ndizi mbovu. Zaituni, msichana wangu wa kazi, kabeba kikapu, mie nimebeba maneno kwa kila muuzaji. Hapa Ibra Jumatano ni siku yetu, wanaume hawaingii sokoni, basi tunapandisha sauti tunavyotaka.

Kesho Rahma anakuja kutoka Nizwa. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu Saud. Kasoma Japani miaka minne, karudi na shahada na mwili wa sindano. Kazi kapata Nizwa, mwisho wa wiki analala kwangu. Wiki iliyopita alikula nusu sahani. Nusu! Mezani kwangu! Nimeagiza nazi nne dukani. Nitampikia mchuzi wa kuku wa nazi, tuone atasema nini.

Naandika Kiswahili kwa sababu Saud na wanawe wanakisema kwa kuchechemea na kukisoma hawawezi. Zaituni anaweza, katoka Tanga. Lakini Zaituni ana adabu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Vijiko vitatu. Nimehesabu.

Kasema, "Bibi, chakula yako tamu wallah, bas mimi nimeshiba." Kashiba nini? Hewa?

Alasiri akanitoa jikoni mwangu mwenyewe. Ati nipumzike. Nilichungulia mara moja. Katoa kwenye begi pakiti ya mwisho aliyokuja nayo kutoka Japani. Ndani vipande vya kahawia, nilidhani sabuni ya mche. Kavitumbukiza kwenye sufuria ya kuku, viazi na karoti. Vikayeyuka, ukawa mchuzi mzito kama uji wa mzazi. Wenyewe wanauita kari.

Kala sahani mbili. Akaniachia ubao mchafu: maganda ya karoti, maganda ya viazi, nusu za ndimu, na sufuria imeganda. Zaituni kaosha.

Nimeona wivu. Nina miaka sabini na mbili na nimeuonea wivu mchuzi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Habari mbaya. Kampuni ya Japani imemwandikia Rahma. Wanamtaka. Jibu kabla ya tarehe kumi Novemba. Baba yake hajui, mama yake hajui, kaniambia mimi tu. Kasema bado hajaamua.

Nikamuuliza, kwa upole wangu wote, anakumbuka nini huko. Kafikiri. "Kari, Bibi. Na treni."

Treni siiwezi. Mchuzi nauweza.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimemwambia Zaituni mpango. Tutaupika huo mchuzi hapa hapa, Rahma aukute mezani kila Ijumaa, asiwe na sababu ya kupanda ndege. Zaituni kasema, "Bibi, mtu hahami nchi kwa sababu ya viazi." Nimemwambia apige deki.

Baadaye kaja na simu. Kapata video. Mama mmoja wa Kijapani anapika kari bila vile vipande vya sabuni, anaanza na unga na siagi. Maneno yake hatuyajui hata moja. Tukaangalia mikono. Mara sita tumeiangalia.

Vitunguu anavikaanga mpaka vinakuwa rangi ya halwa. Tufaha analikuna, analitia kwenye mchuzi. Tufaha! Halafu asali. Na kila kitu anaweka juu ya mizani ndogo, hata bizari. Mwanamke mzima anapima bizari kama muuza dhahabu. Mie tangu niolewe napima kwa kiganja na hakuna aliyekufa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Jaribio la kwanza. Bila mizani, sina haja nayo.

Nimekuna tufaha kwenye mbuzi ya nazi. Likaniponyoka, likaingia chini ya friji. La pili Zaituni kalikuna kwa kikwaruzo cha karoti.

Saud kapita kula. Kamaliza sahani, kajifuta mdomo. "Zeen, mama, mzuri. Mchuzi wako wa siku zote." Hakujua kanichoma kisu.

Kweli lakini. Nimeonja tena. Ni mchuzi wangu wa siku zote, tena umenenepa.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimenunua mizani. Ni ya mama mmoja sokoni anayeuza udi na ubani, alikuwa na mbili. Inanuka udi mpaka betri. Nimeificha ndani ya buibui nisionekane nayo. Watu wangesema nimeanza biashara, au nimeanza kusahau kupika. Afadhali biashara.

Alhamisi, 30 Oktoba

Jaribio la pili. Kila kitu kwa gramu. Nimejiona mjinga, lakini rangi imekuja kama ya yule mama wa video. Uzito sawa. Harufu sawa, ukiondoa udi.

Nimeonja. Ukali wa ndimu.

Nikamgombeza Zaituni. Kwenye video hakuna ndimu, nani kakwambia utie ndimu? Kaonesha kwa macho mkono wangu wa kushoto. Nimeshika ganda. Limeshakamuliwa. Wallahi sikumbuki kuikata.

Tangu mama yangu aliponikabidhi mwiko kule Unguja, sijaepua mchuzi bila kukamua ndimu. Mkono unakwenda wenyewe.

Nimemwomba Zaituni radhi. Nimemwagiza afiche ndimu zote za nyumba hii na asiniambie ziko wapi, hata nikimlazimisha.

Rahma hajaja leo. Kaandika ana kazi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Rahma hayupo. Sinia limekuwa kubwa. Saud kauliza mbona nimekaa kama niliyefiwa. Nimesema miguu.

Naogopa. Naandika hapa tu. Nishazika mume, nishaacha mji niliozaliwa na sikulia mbele ya watu. Lakini huyu mtoto akipanda ndege tena sijui nitapika kwa ajili ya nani. Saud anakula hata mawe.

Jumatatu, 3 Novemba

Jaribio la tatu. Mchuzi mzuri kiasi. Tatizo wali.

Yule mama anapika wali wa kushikana. Mie jina langu Ibra nzima ni wali unaochambuka, punje na punje hazisalimiani. Leo nimesimama mbele ya jiko naharibu wali kwa makusudi. Nimezidisha maji. Nimefumba macho. Zaituni kasema umetoka vizuri sana, umeganda kabisa. Sijawahi kusifiwa kwa fedheha namna hii.

Saa kumi nilitaka ndimu kwa ajili ya chai. Zaituni kakataa kusema zilipo. Nimemtishia. Hakutetereka. Nimekunywa chai kavu, nina hasira naye na namjivunia.

Jumatano, 5 Novemba

Jaribio la nne. Umetoka.

Allah anisamehe, ni mtamu. Utamu wa mtoto mdogo, hauna ugomvi ndani yake, lakini mtamu. Nimekula sahani nikasahau kwamba nauchukia.

Rahma kasema Ijumaa anakuja, ana neno la kuzungumza. Tarehe saba. Kabla ya kumi. Najua neno gani.

Na Moza kapiga simu kutoka Sur. Mdogo wangu huyu hakaribishwi, anatangaza. Anakuja Ijumaa hiyo hiyo, anapitia Al Kamil shambani kwake, ananiletea zawadi. Nimeuliza zawadi gani. Ndimu. Ndoo nzima, mwaka huu mti umezaa kupita kiasi.

Zaituni kakaa chini.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika mikono bado inanuka vitunguu.

Moza kafika saa nne. Ndoo kweli. Zaituni kaipokea mlangoni kwa heshima zote, shikamoo bibi, pole na safari, na ndoo ikapotea. Ndipo nilipojua zinafichwa wapi: nilifungua mashine ya kufulia kutia kitambaa, zikanitazama.

Rahma kafika, kanibusu mkono, kaenda kwa mama yake kusalimia. Wanaume wakaenda msikitini. Mchuzi uko jikoni, tayari, mzito, rangi ya halwa. Wali umeganda kama ulivyoagizwa. Nikamwambia Zaituni asiondoke karibu na sufuria hata nyumba ikiungua. Nikaenda kusali.

Nilikuwa natoa salamu nikasikia sauti ya Moza jikoni. "Maskini dada, uzee huu. Kasahau ndimu!"

Nilikimbia na msala umenikamata mguu. Moza kasimama mbele ya sufuria yangu. Alikuwa na ndimu mbili kwenye mkoba wake, za kujipoza safarini. Sasa zote mbili ni maganda. Na Zaituni kasimama pembeni mikono kifuani, machozi yanamlenga. Afanye nini? Amnyang'anye mkubwa kitu mkononi? Kwao hawafanyi hivyo na kwetu hatufanyi. Na mimi ningemfukuza angefanya.

Moza kaniambia, "Nimekuokoa, dada. Ungeaibika." Nilitaka kumtia yeye ndani ya mashine ya kufulia.

Nikaongeza asali. Ukali haukuondoka. Muda haupo, Rahma huyo anavua viatu.

Nikapakua. Wali upande huu, mchuzi upande huu, na kijiko, kama yule mama. Rahma kaiona sahani, kaniangalia, kaangalia sahani. Kachukua kijiko cha kwanza. Cha pili. Mie nimeshikilia meza. Halafu kaweka kijiko chini na kuanza kulia.

Nikamwambia ni ndimu, mama, ni huyu Moza, mimi niliupima kwa gramu, nenda kamuulize Zaituni.

Kasema, "Laa, Bibi, laa. Kule mimi natia ndimu. Kila siku. Wenzangu wote wananicheka. Bila ndimu haina ladha ya nyumba."

Basi. Wiki mbili nafukuzana na mkono wangu. Nusu za ndimu zilikuwa juu ya ubao siku ile, nikaziona, nikaziandika humu humu, nikaona uchafu tu.

Kala sahani tatu. Moza kapokea sifa zote na hakuna wa kumnyamazisha mpaka Qiyama.

Jumamosi, 8 Novemba

Anakwenda.

Kaniambia asubuhi, baada ya chai. Jibu alishaliandika Nizwa wiki iliyopita, ndiyo maana hakuja, alishindwa kunitazama usoni. Nikamuuliza, basi kari yote ile? Kasema kari ilikuwa kari. Anaitaka kazi. Anajenga madaraja. Japani wana mito mingi kuliko sisi. Na hapa alikuwa hali kwa sababu kila tonge langu lilimfanya afikiri namna ya kuniambia.

Kwa hiyo mchuzi wangu haukuwa na kosa.

Nimefurahi kwa muda wa kupepesa macho. Halafu nimelia, mbele ya mtoto, na sikujali. Nikamwambia nenda. Nikamwambia uwe unakula. Saud kaambiwa mchana, kapiga kelele mpaka Alasiri, halafu kauliza kama kari imebaki.

Zaituni alisema mapema kuhusu viazi. Hajanikumbusha. Nilisema ana adabu.

Ijumaa, 30 Januari

Baridi leo. Watu wamerudi msikitini. Wali wangu umechambuka, Saud kala, kasema zeen.

Rahma kapiga simu, kwao giza limeshaingia. Alikuwa na kuku kwenye sufuria na tui la kopo. Kasema kajaribu mchuzi wa Bibi mara nne, hautoki. Wenzake wa Kijapani wanausubiri mezani. "Bibi, bizari kiasi gani?" Nikasema kiganja. "Kiganja ya nani, Bibi?"

Nikamwambia asikate simu. Nikamwambia Zaituni alete mizani. Bado inanuka udi. Nikachota kiganja bila kutazama, kama siku zote, nikamwaga. Gramu kumi na mbili. Nikarudia. Kumi na mbili. Mara ya tatu Zaituni kainama kusoma yeye mwenyewe, nisije nikajipendelea. Kumi na mbili.

Nimempa Rahma. Kaandika. Tukapima na chumvi, na tangawizi, na kitunguu thomu, kila kitu, Zaituni anasoma namba kwa sauti.

Kuhusu ndimu hakuniuliza.