Baba, Damu Yako Haikumtetea Mama Ngole

Mpendwa Baba,

Mwangaluka. Huku Bariadi tuko mhola, salama tu, nalisema hilo kwanza kwa sababu hukupenda kuanza na mabaya. Wajukuu wanasoma, mvua imechelewa. Nakuandikia kwa sababu yamekuja majibu ya vichupa vyako vya damu, na mtu wa kwanza niliyepaswa kumsomea ni wewe, nawe una miezi saba kaburini.

Wewe ulikuwa mtu wa maksai. Kijijini kwetu Bukundi, mwenye madume mawili makaidi alikuletea, na baada ya muda alirudi kuchukua ng'ombe wanaolima. Hukuwapiga sana. Uliwafundisha kwa mdomo: neno la kwenda, neno la kugeuka, mluzi wa kusimama. Nilipokuwa mdogo nilitangulia mbele yao na kamba, wewe nyuma umeshika plau, ukaniambia, "Minza, usigeuke kuwaangalia. Wananisikiliza mimi."

Msimu wako wa mwisho shambani, yule mwenye baka jeupe akaanza kugoma. Unamwambia ageuke, anasimama. Unapiga mluzi, unatoka upepo mtupu. Ukasema ng'ombe amezeeka, ukampeleka mnadani. Ukanunua mwingine, naye akawa vile vile. Nilipokuja Pasaka ukanisalimia, nikadhani umelewa. Nisamehe, Baba, nilinusa hata kikombe chako. Baadaye nikakuomba utoe ulimi nje. Ulikuwa umekonda pembeni na ulitetemeka wote, kama kuna wadudu wanaotembea chini ya ngozi.

Unakumbuka yule daktari wa mishipa ya fahamu, kule Mwanza, alivyokugonga magoti kwa kinyundo mpaka ukacheka. Hakucheka yeye. Alitueleza kwamba ni ugonjwa unaoua mishipa inayoendesha misuli, mmoja baada ya mwingine, na akili inabaki inaangalia. Nikamuuliza damu inaonyesha nini.

"Hakuna kipimo cha damu cha kusema ni huu," alinijibu. "Tunaondoa magonjwa mengine mmoja mmoja, mpaka unabaki huu."

Sikutaka kuamini. Kazi yangu maabara ni kutoa damu asubuhi na kutoa jibu kabla ya saa sita. Malaria ipo au haipo. Sukari imepanda au haijapanda. Sikujua upo ugonjwa wa kummaliza mtu mzima huku damu imenyamaza.

Ni yeye aliyetuambia habari za watafiti wanaotafuta alama ya ugonjwa huo kwenye damu. Kuna protini, alisema, inavuja pale mshipa wa fahamu unapokufa. Walitaka damu yako mara tatu, kwa kupishana miezi, waone inavyobadilika. Alinisisitizia nikutafsirie Kisukuma vizuri: hakuna dawa utakayopewa, na majibu hayatabadilisha chochote kwako. Ukaniuliza, maneno yakiteleza, "Sasa wanaitakia nini?"

"Ili siku nyingine akija mtu kama wewe, ajulikane mapema."

Ukafikiri kidogo, ukakunja mkono wa shati.

Nilikuwa na sababu yangu ambayo sikukuambia. Baba mkubwa, kaka yako, alikuwa ameshamtaja Mama Ngole kuwa ndiye aliyekuroga. Mjane jirani yetu, macho mekundu kwa moshi wa kuni, anayeishi peke yake ng'ambo ya njia. Ng'ombe wako waliingia kwenye choroko zake, mkagombana, na kwa hasira akasema mdomo wako huo mrefu utakuja kukauka. Watu walisikia. Miezi michache baadaye ukaanza kukauka kweli. Nilitaka karatasi, Baba. Karatasi yenye namba na mhuri, niiweke mbele ya baba mkubwa, niseme ugonjwa ni huu hapa, mwacheni yule mama.

Basi nikakutoa damu mara ya kwanza kwa mikono yangu, hapa Bariadi. Nikaizungusha kwenye mashine mpaka seli zikakaa chini na majimaji ya njano yakabaki juu, nikayagandisha, nikayasafirisha kwenye barafu. Mara ya pili mshipa ulinisumbua, mkono ulikuwa umebaki mfupa. Ulinitazama tu. Ulikuwa huwezi tena kuniambia nichome polepole.

Kisha kikao. Nilikurudisha Bukundi upumzike, kumbe baba mkubwa amewaita wanaume wa ukoo na majirani. Walikaa uwanjani kwetu wakajadili Mama Ngole afanywe nini, wewe upo katikati yao, hakuna anayekuelewa hata unapojaribu kusema. Ndipo ukasimama. Ukavuka njia kwa mwendo ule wa kujikokota, watu wote nyuma yako, ukaingia uani kwake ukakaa kwenye kigoda. Ukanyoosha kidole kwenye sufuria ya uji.

Mama Ngole akatazama watu, akakutazama wewe. "Baba Minza, usifanye hivi. Nitaondoka tu."

Ukanyoosha kidole tena.

Nilielewa, na wote walielewa. Nani anakula kwa mtu anayemroga? Lakini zaidi yako wewe, mimi peke yangu nilijua alichotuonya daktari, kwamba uji na maji ni hatari kwako, kwamba koo limesahau njia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Ningeweza kuchukua bakuli. Sikulichukua, kwa sababu nilitaka ushinde.

Funda la kwanza likapita. La pili likapita, nikaona mabega ya Mama Ngole yakishuka. La tatu likakupalia. Uji ukatoka puani, macho yakatoka, ukaanguka pale pale mlangoni kwake. Nilikulaza ubavu, nikakupiga mgongo, mpaka pumzi ikarudi kwa mlio kama wa mlango mbovu. Baba mkubwa akasema bila kupaza sauti, "Mmeona wenyewe."

Kesho yake mlango wa Mama Ngole ulikuwa umefungwa kwa waya. Alikwenda Kiloleli kwa binti yake.

Wewe kifua hakikukaa sawa tena baada ya siku ile. Nilikutoa damu ya tatu ukiwa kitandani, na kabla ya miezi miwili kwisha ukaondoka.

Majibu ya mgonjwa mmoja mmoja watafiti hawatoi, mimi niliwaomba sana mpaka wakakubali. Barua inasema protini ile ilikuwa juu mara zote tatu, na kila mara imezidi. Mistari miwili chini inasema inapanda pia kwenye magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, na kwamba namba hizi ni za utafiti, zisichukuliwe kuwa uthibitisho. Bado wanatafuta. Wanakushukuru.

Niliipeleka Bukundi hivyo hivyo. Nilimweleza baba mkubwa kwa Kisukuma, neno kwa neno, hata ile mistari miwili, maana wewe hukunifundisha kuficha. Alinisikiliza vizuri, Baba. Analia bado likitajwa jina lako. Aliishika ile karatasi muda mrefu, akaniuliza, "Imepanda. Sawa. Nani kaipandisha?"

Nikasema hakuna anayejua kwa nini inaanza. Hata wao hawajui.

"Basi mimi najua," akasema, akanirudishia.

Jumamosi nikapanda basi mpaka Kiloleli. Mama Ngole anauza nyanya mbele ya nyumba ya binti yake, amepungua. Nilimsalimu, akaniitikia, akanipa pole ya msiba. Alisema alisikia wiki ile ile ulipozikwa, akaogopa kuja. Halafu akauliza kama damu ilisema si yeye.

"Haijasema, mama."

"Itasema?"

Mimi ni mtu wa maabara. Nilitamani kumdanganya na sikuweza. Nikamwambia pengine, ila si katika uhai wake, na pengine si katika wangu.

Akapanga nyanya zake upya, akatoa moja iliyopasuka akaiweka pembeni. "Nyumba yangu ile," akasema, "mwambie baba yako mkubwa anaweza kuezua bati."

Sijamwambia, Baba. Nimerudi kazini, natoa damu za watu na kuwapa majibu. Lala. Sina jingine la kukueleza, na hili nisingetaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Ni mimi binti yako,
Minza