Baba mkwe na salamu za barabarani

Jumanne

Leo tena baba mkwe kawasha gari likiwa kwenye gia. Likaruka mbele, kuku wakatawanyika, yeye anacheka.

Njiani ndiyo usiseme. Kila mzee tunayempita anamgeukia, "Mwangaluka!", na hatazami mbele mpaka aitikiwe, aulize ng'ombe, aulizwe mvua. Gari linajiendea. Mimi mwenye leseni nimekaa pembeni, nimeng'ang'ania mlango. Mkwe unamwambiaje, "Baba, tazama barabara"?

Nimemweleza mume wangu. Kanijibu, "Yule ni baba. Nimwambie nini?"

Kesho asubuhi baba mkwe anampeleka Neema wetu shule. Nimemwomba Mungu wasikutane na mtu anayemfahamu.

Hapa Lalago anafahamiana na wote.